Kwanza Mtazame Mbuzi: Kufundisha Watoto Kuchora Wanyama kwa Penseli za Rangi





Vikundi vingi vinauliza swali moja: Jumamosi tukiwa na mkutano, watoto wetu wafanye nini? Tukiwaacha wanazurura, tukiwaleta wanapiga kelele mpaka mweka hazina hasikiki. Hapa Umoja, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tumejaribu njia moja isiyo ghali. Tunawafundisha watoto kuchora wanyama kwa penseli za rangi. Katika makala hii nitaeleza jinsi ya kuifanya kazi hii hatua kwa hatua. Nitasema pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili ninyi msilirudie.

KWA NINI KUCHORA, NA KWA NINI WANYAMA?

Wengine watasema, "Kuchora ni mchezo tu, mtoto asome hesabu." Lakini kuchora ni kujifunza kuona. Mtoto anayemchora kuku lazima ahesabu vidole vyake, aulize jicho liko wapi, aangalie mabawa yanaanzia wapi. Tena tangu mtaala mpya wa CBC ulipoanza katika shule za msingi nchini mwaka 2019, kuchora na kupaka rangi ni sehemu ya masomo. Mzazi anaambiwa anunue penseli za rangi, na mara nyingi hajui mtoto atazitumiaje. Kikundi kinaweza kusaidia hapo.

Hapa kwetu tuna shida moja. Umoja ilijengwa miaka ya 1970, na siku hizi imejaa magorofa. Mtoto anaona mbuzi wakipita ndani ya lori wakipelekwa Kiamaiko kuchinjwa, basi. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ipo tangu mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na iko hapa hapa mjini, lakini wengi wa watoto wetu hawajaingia. Simba wanamjua kutoka kwa televisheni. Ninyi wa kijijini mmetuzidi: ng'ombe yuko zizini, kuku yuko uani, punda yuko njiani na mitungi ya maji. Darasa liko mlangoni penu, na halina karo.

Kuna sababu nyingine, na hii inahusu mfuko wa kikundi. Kama mna mradi wa mbuzi wa maziwa au kuku, mtoto aliyezoea kumtazama mnyama kwa makini ni mlinzi mzuri wa mradi. Anaona manyoya yaliyosimama, jicho lililovimba, mguu unaochechemea. Hapo ndipo kosa langu linapoingia.

KOSA LANGU

Likizo moja tuliwachukua watoto kumi na wanane tukaenda kutembelea kikundi cha akina mama nje ya mji, upande wa barabara ya Kangundo. Wana mbuzi. Watoto wakaketi kwenye kivuli kando ya zizi, kila mmoja akachagua mbuzi wake. Mimi nikawa napita nyuma yao nikitazama kazi.

Msichana mmoja wa kama miaka tisa alikuwa amechora mbuzi wa kahawia. Miguu mitatu ilisimama wima. Mguu wa nne, wa nyuma, ulikuwa umekunjwa na haukufika chini. Nikamwambia, "Mbuzi ana miguu minne na yote inafika chini. Rekebisha huo." Hakujibu. Akafuta, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaweka penseli chini, akakaa tu.

Baada ya saa moja mama mmoja alifungua zizi awapeleke mbuzi kunywa maji. Yule wa kahawia akatoka wa mwisho, anaruka kwa miguu mitatu. Mama akamshika, akainua ukwato. Katikati ya kwato mlikuwa na mwiba, na pameshaanza kutunga usaha. Akaniuliza karatasi yenye tundu ni ya nani. Nilipomwonyesha mtoto, akasema, "Mwalimu, huyu alimwona mbuzi wangu kabla yangu."

Niliona haya. Nilimwomba yule mtoto msamaha mbele ya wenzake, kwa sababu nilikuwa nimemkosoa mbele ya wenzake. Alikubali kwa kichwa. Lakini Jumamosi mbili zilizofuata alichora maua tu. Jumamosi ya tatu ndipo alipomrudia mbuzi.

Katika jumuiya ndogo ndogo tumezoea mpango wa Ona, Amua, Tenda. Tunaufundisha kila mwaka. Siku ile mimi nilianza na Amua. Nilikuwa na mbuzi kichwani mwangu, nikamlazimisha mtoto achore huyo, badala ya yule aliyekuwa mbele yetu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya darasa letu sasa ni hii: KABLA YA KUSAHIHISHA MCHORO, MWALIMU AMTAZAME MNYAMA.

VIFAA

1. Penseli za rangi. Paketi ya rangi 12 inatosha watoto watano wakishirikiana. Kwa watoto ishirini nunueni paketi nne. Penseli ya rangi imetengenezwa kwa unga wa rangi uliochanganywa na nta na vitu vya kuushikanisha. Ndiyo maana haifutiki vizuri kama penseli ya kawaida. Mwanzo wa mchoro ufanywe kwa penseli ya kawaida, na kwa mkono mwepesi.

2. Karatasi. Ombeni ofisi ya parokia au shule makaratasi yaliyotumika upande mmoja. Karatasi inayong'aa, kama ile ya mbele ya kalenda, haishiki rangi, inateleza. Jaribuni upande wa nyuma. Mifuko ya khaki nayo ni mizuri sana, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017 inapatikana madukani. Ipasueni, muinyooshe kwa mkono. Kwenye khaki hata penseli nyeupe inaonekana.

3. Wembe au kichongeo. Wembe ushikwe na mtu mzima peke yake. Watoto wadogo wasiuguse.

4. Mkebe. Penseli ikianguka sakafuni, risasi ya ndani inavunjika vipande vipande hata kama nje haionekani. Ukiichonga kila mara inatoka kipande. Watu wanalaumu duka, kumbe ni kuanguka. Kwa hiyo penseli zikae ndani ya mkebe uliowekwa kitambaa, na zihesabiwe: zimetoka arobaini na nane, zirudi arobaini na nane. Ile iliyokuwa fupi isitupwe. Ichomekeni kwenye kipande cha mwanzi, itatumika mpaka mwisho.

HATUA YA KWANZA: KUTAZAMA BILA PENSELI

Watoto waketi mbele ya mnyama kwa dakika kumi, mikono mitupu. Mwalimu aulize maswali tu, asitoe majibu:

– Mkia wa mbuzi unaelekea wapi? Na wa kondoo? (Mbuzi huinua mkia juu, kondoo huuning'iniza.)
– Masikio ya ng'ombe yako juu ya pembe au chini yake? (Watoto wengi huweka pembe mahali pa masikio.)
– Kuku ana vidole vingapi mbele na vingapi nyuma? (Wengi ni vitatu mbele, kimoja nyuma.)
– Ukwato wa punda ni mmoja au umepasuka? (Ni mmoja mzima. Wa mbuzi na ng'ombe umepasuka mara mbili.)
– Mboni ya jicho la mbuzi imelala au imesimama? (Imelala kama mstari wa upeo. Ya paka, kwenye jua kali, imesimama.)
– Punda ana mstari mweusi wapi? (Punda wengi wanao mgongoni, na mwingine unapita mabegani, kama msalaba. Wakristo wa zamani walisema ni kwa sababu alimbeba Bwana siku ya Matawi.)

Wazee wetu waliochunga wanajua haya yote. Mleteni mzee mmoja darasani. Mfugaji anayemtambua ng'ombe wake kati ya mia kwa rangi na pembe ni mwalimu mzuri wa kuchora, hata kama hajawahi kushika penseli.

HATUA YA PILI: UMBO KUBWA KWANZA

Watoto hupenda kuanza na jicho au kwato. Matokeo yake kichwa kinajaza karatasi na miguu inakosa nafasi. Waanze na vitu wanavyovijua. Kiwiliwili cha mbuzi ni kama kiazi kitamu kikubwa kilicholala. Cha ng'ombe ni kama gunia lililojaa. Cha kuku ni kama yai lililoinama. Kichwa cha ng'ombe kinafanana na kibuyu, kipana juu, chembamba kidogo kuelekea mdomoni. Shingo inaunganisha viwili hivi.

Kupima urefu, mtoto anyooshe mkono, afumbe jicho moja, ashike penseli wima mbele ya mnyama. Kwa kidole gumba atie alama ya urefu wa kichwa. Kisha ahesabu: vichwa vingapi vinaingia kwenye mwili? Miguu ni sawa na vichwa vingapi? Hiyo ni hesabu, wazazi, tena hesabu ya kufurahisha.

Miguu ya nyuma inasumbua hata watu wazima. Tunaona kiungo kinachokunjika kuelekea nyuma, tunasema mbuzi ana goti la kinyume. Hapana. Kile ni kisigino chake. Mbuzi, mbwa na ng'ombe wanatembea kama mtu anayesimama kwa ncha za vidole. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Na kile tunachokiita goti la mbele ni kama kifundo cha mkono wetu. Waambieni watoto wapige magoti na kuweka viganja chini, halafu wainue visigino vya mikono na kusimama kwa vidole vya miguu. Watacheka sana, lakini hawatasahau.

HATUA YA TATU: RANGI, KUTOKA NYEPESI KWENDA NZITO

Kosa la kawaida ni kukandamiza. Mtoto anataka rangi iwake mara moja, anasukuma penseli mpaka inavunjika. Ukikandamiza, nta inajaa na karatasi inakataa rangi nyingine. Mwambieni ashike penseli mbali kidogo na ncha, na apitishe mkono kama anayepaka mtoto mafuta. Apitishe mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rangi inajengwa kidogo kidogo.

Mbuzi wa kahawia: anza na manjano kidogo, juu yake rangi ya machungwa kidogo, kisha kahawia. Mwisho, tumboni na chini ya shingo ambako kuna kivuli, pitisha buluu kidogo juu ya ile kahawia. Watoto hushangaa, lakini kivuli kinatokea.

Mbuzi mweupe: usimpake. Acha karatasi yenyewe iwe weupe. Paka kivuli tu kwa kijivu au buluu nyepesi sana, na paka majani nyuma yake ili aonekane. Ukiwa na khaki, hapo ndipo penseli nyeupe inafanya kazi.

Ng'ombe mweusi: usianze na nyeusi. Anza na buluu nzito, ongeza kahawia, halafu nyeusi mwishoni. Acha sehemu ndogo mgongoni bila nyeusi. Pale ndipo jua linapogonga. Ukimpaka mweusi tupu atakuwa kama shimo kwenye karatasi.

Manyoya: mstari wa penseli ufuate nywele zinakolala. Usoni zinatoka puani kuelekea juu, ubavuni zinaelekea nyuma na chini. Mtoto akitaka kujua, amguse mnyama. Mkono utamfundisha.

WANYAMA WA PORINI

Hawa wengi wetu tutawachora kutoka kwa picha, na si vibaya. Lakini hata kwenye picha, mtoto aone, asikisie. Pundamilia si mnyama mweupe aliyechorwa mistari ovyo ovyo. Mistari inauzunguka mwili kama pete za pipa. Na kule Samburu kuna pundamilia wa Grévy mwenye mistari myembamba, masikio makubwa ya mviringo na tumbo jeupe, tofauti na yule wa kawaida ambaye mistari yake ni mipana na inafika tumboni.

Twiga pia si mmoja. Wa Kimaasai ana mabaka yenye kingo zilizochanika kama majani. Wa kaskazini ana mabaka makubwa yaliyonyooka, yametengwa na mistari myeupe kama wavu. Yule wa Rothschild, anayepatikana Ziwa Nakuru, miguu yake ni myeupe kuanzia magotini kwenda chini, kama amevaa soksi. Mtoto anayejua kutofautisha hawa amejifunza nchi yake.

Kazi hii si ngeni kwetu Waafrika wa Mashariki. Huko Kondoa, Tanzania, kuna michoro ya wanyama kwenye miamba iliyofanywa na watu wa kale sana, mingi kwa rangi nyekundu. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Na huko huko Tanzania alizaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Alikuwa mtu wa kazi za kibarua Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao, akitumia rangi ya kupaka baiskeli. Hakusomea sanaa. Alikufa mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi na polisi kwa makosa, lakini alikuwa amewafundisha ndugu na vijana wachache. Hao waliendelea, na baadaye wakaunda chama cha ushirika. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji. Kwa vikundi vya kujisaidia, somo liko hapo: alichokijua hakukificha.

Hata hivyo tusidanganyane. Hii si njia ya kuleta pesa haraka. Mkianza kuwaza kuuza, watoto watanakili picha moja kila siku, na kuona kutakufa. Kadi chache za Krismasi zinatosha. Ng'ombe na punda wa pango la Noeli wapo tayari zizini kwenu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi naye alipotengeneza pango kule Greccio mwaka 1223, alileta ng'ombe na punda wa kweli.

RATIBA YA SAA MOJA NA NUSU

– Dakika 10: kutazama bila penseli.
– Dakika 20: umbo kubwa na miguu, kwa penseli ya kawaida.
– Dakika 40: rangi, kutoka nyepesi kwenda nzito.
– Dakika 20: kutundika michoro kwenye kamba, kuizungumzia, kuhesabu penseli.

Wakati wa kuzungumzia, tusiulize, "Nani amechora vizuri zaidi?" Tuulize, "Umeona nini kwa mbuzi huyu?" Mtoto mdogo huenda bado anachora mikwaruzo na maduara. Mwacheni. Hiyo ndiyo hatua yake, msimshikie mkono.

JAMBO MOJA LA ULINZI

Watu wazima wawili wawepo kila mara, na mahali pawe wazi. Wazazi wajue watoto wako wapi. Wakati mwingine mtoto akichora anaanza kusema mambo ya nyumbani. Msikilize. Usimhoji kama askari, usimwahidi kunyamaza, na usiusambaze mchoro wake kwenye simu. Kama anachosema kinaonyesha anaumizwa, mwone padre, mzee wa jumuiya unayemwamini au afisa wa watoto. Namba ya simu ya kusaidia watoto nchini Kenya ni 116, na haina malipo.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni mnyama gani aliye karibu nasi ambaye hatujawahi kumtazama vizuri?
2. Nani kati yetu anajua mifugo vizuri na anaweza kuja kuzungumza na watoto?
3. Ni lini tulimkosoa mtoto, au mwanachama mwenzetu, kabla ya kutazama alichokiona yeye?
4. Nani atatunza mkebe wa penseli?

Katika picha za kanisa, Mtakatifu Luka huonyeshwa pamoja na ng'ombe dume, na tangu zamani wachoraji wanamwita msimamizi wao. Sikukuu yake ni tarehe 18 Oktoba. Kama kikundi chenu hakijui kianze lini, anzeni siku hiyo. Mkichelewa pia si neno. Mbuzi bado atakuwa zizini.

Ile karatasi yenye tundu ninayo mpaka leo. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati tunamoweka penseli, ili niione kabla ya kwenda darasani.